Mwenye Pombe Aonje Kwanza

Usiku ule nililala nimemnunia mke wangu, na nadhani ndiyo maana mama yangu, aliyekwisha kufa, aliona bora aje mwenyewe.

Tulikuwa tumebishana juu ya chupa. Kesho yake ndugu walikuwa wanakuja kihambani kwetu Marangu, kwenye shamba hili la migomba na kahawa ambamo ukoo wetu huzaliwa na kuzikwa, ili tuweke jiwe juu ya kaburi la mama. Mbege, pombe yetu ya shughuli, ilikuwa imeshachanganywa, imetulia kwenye mapipa nyuma ya jiko ikitoa mapovu, na nyumba nzima ilinuka ndizi mbivu na ulezi. Mke wangu alikuwa anafuta vumbi kabatini. Alipoifikia ile chupa akaishika shingo, akaigeuza kwenye mwanga wa taa.

"Kesho tuifungue hii," alisema. "Wajomba zake nao waonje alichopika mtoto."

"Haifunguliwi."

"Baba Ami, tangu Krismasi!"

"Hata ingekuwa tangu Nuhu. Mwenyewe hajaionja."

Aliguna ile miguno yake ambayo ndani yake mna hotuba nzima, akairudisha chupa kabatini kwa kishindo, akaenda kulala akiuelekea ukuta. Mimi nikauelekea ukuta wa pili.

Kwetu anayeleta pombe ndiye anayeionja kwanza, mbele ya macho ya watakaoinywa. Anachota kwa kata, anapiga funda, anameza, anasubiri kidogo, kisha anasema, "Imeiva." Hapo ndipo kata inapoanza kuzunguka. Wazee walituambia desturi hiyo ilianza zamani, enzi za watu kuwekeana sumu. Enzi hizo zilipita, desturi ikabaki, na mimi naipenda kwa sababu inamlazimisha mtu afike. Huwezi kutuma pombe halafu wewe ukakaa kwako. Lazima uje nayo, usimame, uonekane ukimeza.

Jirani yangu aliwahi kunitania. "Mbona bia za dukani unazinywa, Mzee Zakaria? Au mwenye kiwanda huwa anapita kwako alfajiri kukuonjea?" Nilimjibu kwamba bia ya dukani haina mwenyewe. Hii ina mwenyewe.

Na kweli ilikuwa naye. Ni wiski ya Marekani, iliyotengenezwa kwa kimea cha shayiri peke yake bila kutiwa nafaka nyingine, na inakopikwa ndiko anakofanya kazi mwanangu Aminieli. Kazi yake ni mapipa. Anayajaza, anayalaza, anayachungulia miaka na miaka mpaka pombe ipate rangi na adabu. Chini kabisa kwenye karatasi ya chupa pana mstari wa kutia saini yule aliyelitunza pipa, na hapo pameandikwa kwa wino Aminieli Zakaria, ile A ikiwa na mkia mrefu vilevile alivyokuwa akiiandika shule ya msingi. Zakaria ni mimi. Jina langu lilikuwa limekaa ugenini muda wote huo, na sasa limerudi nyumbani ndani ya sanduku la binti wa jirani, limeviringishwa kwenye soksi ili lisivunjike.

Siku chupa ilipofika, mke wangu akiwa kanisani, nilivuta kizibo mara moja tu. Nikanusa, nikakirudisha upesi. Kunusa si kuonja. Lakini ile harufu ilinikaa kichwani. Ndani yake mlikuwa na kitu ninachokijua, kitu cha hapahapa nyumbani, na sikuweza kukishika. Nilikitafuta siku kadhaa, nikachoka, nikaacha.

Mimi na Aminieli hatukugombana. Watu husema tuligombana, na huwa nakasirika nikisikia. Mama yangu alipofariki, karatasi za Ami za kuishi kule zilikuwa hazijakamilika, na angetoka asingeruhusiwa kurudi. Hakuja. Kijana mmoja wa ukoo alishika simu juu ya kaburi ili naye aone bibi yake akizikwa, na jeneza lilipoanza kushuka mtandao ukakata. Alipopatikana tena ilikuwa jioni, watu wameshatawanyika, majembe yameshaoshwa, na mimi nilikuwa sina neno hata moja mdomoni. Nikampa simu mama yake.

Basi ikawa hivyo. Kila Jumapili Ami anapiga, nami nikiwa kwenye kiti changu namsikia kabisa: "Mwambie baba shikamoo." Mama yake ananigeukia. "Ami anakuamkia." Nami nasema, "Mwambie marahaba." Sauti yake iko chumbani humo nilimo mimi, na bado salamu inapita kwa mtu wa tatu.

Zamani huyo wa tatu alikuwa mama yangu. Ami nilimpenda tangu alipokuwa wa kubebwa mgongoni, ila sisi wawili tuliumbwa na haya ya kusemeshana, na bibi yake alikaa katikati akibeba maneno. Ami akitaka viatu, bibi ndiye alinijia. Mimi nikitaka kumsifu kwa kufaulu mtihani, nilimwambia bibi yake nikijua yatafika kabla ya chakula cha jioni. Alipokufa, njia ile ilifungwa, na hakuna aliyetuambia tuchimbe nyingine. Iliniuma. Jumapili iliniuma zaidi, kwa sababu ya ile simu.

Basi nikalala.

Nikajiona niko jikoni kwa mama. Lilikuwa jiko lake la zamani la miti na udongo, ambalo tulikwisha kulibomoa. Nilikumbuka kabisa kwamba nililibomoa kwa mikono yangu, hata nguzo zilivyokuwa zimeliwa na mchwa nilizikumbuka, lakini lilikuwa limesimama na sikushangaa. Moshi ulikuwa umetanda juu kwenye paa. Sufuria kubwa lilikuwa mafigani, ndizi zinachemka, zimeshakuwa nyekundu. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, amejifunga kanga yake ya bluu iliyofifia, anakoroga kwa mwiko wake mrefu. Mikono yake ilikuwa ya uzeeni na shingo yake ilikuwa ya ujana, na vilikaa pamoja bila ugomvi.

Sikumwogopa. Niseme nilimwogopa kidogo tu, jinsi nilivyomwogopa siku zote, yaani nilijitazama miguu kama nimeinawa.

"Shikamoo, mama."

Haitikii. Anatazama chini, na mimi natazama anapotazama. Sakafu yote imetandazwa majani ya mgomba, na juu yake kuna ulezi uliolowekwa, unaota. Vimizizi vyeupe vinachomoza mbele ya macho yangu na ninavisikia vikichomoza, sauti ndogo sana, kama mvua ya manyunyu ikianguka kwenye majani makavu. Harufu ya kimea kibichi inanipanda puani. Hivi ndivyo alivyokuwa akifanya, analoweka ulezi, anaulaza gizani, unaota, anauanika, anausaga, ndipo mbege inapopata nguvu. Ami alikuwa ndiye anayeugeuza na kuunyunyizia maji, na alikuwa akikataa kwenda kucheza mpira mpaka amalize.

Nakanyaga pembeni pembeni nisiuharibu. Nje ya mlango mforosadi umezaa. Mti ule ulikatika tawi moja kwa upepo, baba yangu akalichonga, likawa mwiko huu anaoushika mama. Sasa tawi limerudi mahali pake mtini na wakati huohuo mwiko uko mkononi mwa mama, na matunda yanadondoka kizingitini yakiacha madoa ya zambarau. Naona alama ndogo za miguu kwenye madoa hayo. Zinaingia ndani. Hazitoki.

Nikajiona nimeshika chupa. Sikumbuki nilipoitoa kabatini.

Mama alinyoosha kata bila kuniangalia. Nikammiminia. Pombe inatoka na rangi ya chai isiyotiwa maziwa, inajaza kata, na chupa haipungui. Anaileta kata puani. Ananusa kwa muda mrefu, macho ameyafumba, na uso wake unalegea kidogo kidogo mpaka unakuwa ule uso aliokuwa nao Jumamosi, kazi zikiisha, akikaa kizingitini na miguu ameinyoosha.

"Mforosadi," alisema.

Nilisubiri anywe. Hakunywa. Alikiinua kile kibuyu cha kata usawa wa kifua, akakishikilia hapo hewani.

"Mwenye pombe yuko wapi?"

"Hayupo, mama. Yuko mbali."

"Basi nasubiri."

Na kwa jinsi mtu anavyojua mambo ndotoni bila kuambiwa, nilijua kwamba kukipambazuka atakuwa ameondoka, na kwamba asipoonja sasa ataondoka na kiu yake. Mama yangu hakuwahi kutoka nyumbani kwangu na kiu. Niliingiwa na hofu kubwa. Niliweka chupa chini nikaanza kumtafuta mwanangu.

Nyuma ya jiko kuna mlango wa stoo tulikokuwa tunavundika ndizi. Naufungua. Ndani hakuna mikungu, ndani ni nyumba ndefu yenye baridi, na mapipa yamelazwa safu juu ya safu mpaka yanapotelea gizani. Katikati ya safu imeota migomba, majani yake yanagusa dari. Mfereji wetu wa maji kutoka mlimani unapita hapo chini ya mapipa, unaongea peke yake. Natembea, na mama yuko mbele yangu tayari, miguu mitupu, kata imejaa mkononi na haimwagiki hata tone. Anapita akigonga kila pipa kwa kifundo cha kidole, akiinamisha kichwa kusikiliza.

"Huyu bado," anasema. Anasogea. "Huyu bado."

Anayaita huyu, kama wagonjwa au watoto waliolala. Nilitaka kucheka, kwa sababu alikuwa akiongea na mapipa yake ya mbege hivyohivyo na sisi tukimcheka kisirisiri. Kisha akasimama kwenye pipa moja dogo, jeusi kuliko mengine. Akaliwekea sikio. Akakaa hapo.

"Huyu yuko macho."

Nyuma ya pipa hilo amesimama Aminieli. Amenipa mgongo, amevaa koti zito, anaandika kitu kwenye ubao kwa chaki. Shingo yake ningeitambua popote, maana ni mimi niliyekuwa nikimnyoa nywele kila mwisho wa mwezi, nikikibonyeza kichwa chake mbele kwa kidole. Kisogoni nikaona mvi. Mwanangu ana mvi. Nani alimpa mvi bila mimi kujua?

Nikafungua mdomo nimwite. Kilichotoka kilikuwa: "Mwambie Ami aje."

Hakugeuka. Nikajaribu tena, nikakaza koo. "Mwambie Ami niko hapa." Ulimi wangu haukuijua njia nyingine. "Mwambie Ami anatafutwa." Aliendelea kuandika, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumwambia, na mimi nasimama pale hatua chache nyuma yake, sauti ninayo na mwanangu ninaye, na siwezi.

Nikamgeukia mama. "Mama, mwambie basi."

Hapo ndipo aliponitazama mara ya kwanza. Hakuwa amekasirika. Alinitazama alivyokuwa akinitazama nikisahau maziwa jikoni.

"Mimi nimekufa, Zakaria," alisema. "Usinitume tena. Mwite mwenyewe."

Sijui tulitokaje pale. Tuko kihambani sasa, mchana, jua kali, watu wamejaa kati ya migomba na masale yaliyopandwa mpakani. Ni mazishi yake. Mama amesimama kando yangu, anajifunga kanga vizuri, anachungulia shimo.

"Mlilichimba kwa haraka," anasema. "Huku upande mmoja mmelipinda."

Nataka kumwomba radhi kwa lile shimo, lakini naona nimeshika simu, mimi, si yule kijana wa ukoo. Nimeinyoosha juu ya kaburi. Humo ndani kuna uso wa Ami, mdogo wa kuenea kiganjani, umebanwa, midomo inatetemeka. Jeneza linaanza kushuka kwenye kamba. Ninajua kitakachotokea. Naikaza simu kwa mikono miwili, naiinua juu kuelekea mlimani ambako mtandao huwa mzuri, nainuka kwa vidole vya miguu. Uso unaganda. Unakuwa vipande vipande. Unapotea, na kwenye kioo najiona mimi.

"Amekata," nilisema.

"Simu ndiyo iliyokata," mama alisema. "Yeye hakukata."

Nililia pale, nalia mbele ya ukoo mzima na hakuna anayeshangaa, maana ni mazishi na mtu analia. Siku yenyewe ya mazishi sikulia. Nilikuwa na shughuli ya wageni.

Mama akanishikisha kata. Ilikuwa nzito kuliko kata, ilikuwa na uzito wa mtoto aliyelala.

"Aonje ukimwona," alisema. "Halafu mnipe changu."

Alianza kuondoka kupitia migombani, akiinua kanga isilowe umande, ingawa ilikuwa mchana. Nikaanza kumfuata na miguu ikawa haitoki. Nikamwona Ami ng'ambo ya kaburi, na koti lake, amenipa mgongo bado. Nikavuta pumzi. Jina lake lilikuwa kooni, liko kavu, limekaa siku nyingi. Nikalisukuma.

"Ami!"

Ndiyo sauti iliyoniamsha, sauti yangu mwenyewe.

Mke wangu alikuwa ameshaketi kitandani. Dirishani kulikuwa kumeanza kupauka, na jogoo wa jirani, yule mwenye sauti mbaya, alikuwa anajaribu.

"Unamwita nani?" aliuliza.

"Nimemwita Ami."

Tulikuwa tumenuniana, lakini alinyoosha mkono akanifuta shavu kwa kiganja, akakitazama kiganja chake.

"Mama alikuwa hapa," nikamwambia. "Hakunywa."

Hakuniuliza maana yake. Miaka yote tuliyoishi ameniuliza maana ya kila kitu, hata mechi za mpira, na asubuhi ile hakuuliza.

"Nipigie Ami," nikasema. "Ile ya kuonana sura."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Kisha unipe mimi."

Niliamka nikaenda sebuleni na shuka mabegani. Nikaitoa chupa kabatini. Nikaichukua kata ya mama kwenye msumari wake jikoni, nikaipuliza vumbi, nikaiosha. Niliporudi, simu ilikuwa inaita. Kwa Ami ilikuwa bado jana, jioni. Uso wake ulijaa kiooni, nyuma yake taa nyeupe na ukuta wa jiko, kitu kinachemka. Aliponiona mimi badala ya mama yake alishtuka hata akaangusha kijiko.

"Baba? Kuna nini? Nani amefariki?"

"Hajafariki mtu."

"Mama yuko wapi?"

"Yuko hapa. Hajafariki mtu, nimekwambia. Lazima mtu afe ndipo nipige simu?"

Alinitazama. Nami nikamtazama. Zilikuwepo kweli, zile mvi, juu ya masikio.

"Shikamoo, baba," alisema.

"Marahaba, mwanangu."

Hakuna aliyelibeba neno hilo. Lilitoka kwangu likamfikia yeye, tukasikia sufuria lake likitokota. Nikaona kwamba nikingoja kidogo zaidi, haya itaturudia sote wawili na tutaanza kuulizana habari za mvua. Nikaiinua chupa nikaisogeza kwenye kioo.

"Hii pombe yako unayo na wewe huko?"

"Ninayo."

"Ilete. Mwenye pombe aonje kwanza."

Alielewa papo hapo, ni mtoto aliyelelewa na bibi. Alitaka kucheka na kicheko kikavunjika njiani, akatoka kwenye kioo, tukabaki na ukuta. Alirudi na chupa pacha ya hii yangu na kikombe cha chai. Akamimina. Akakiinamisha kikombe mbele ya simu ili nione kwamba kina kitu. Akakaa wima jinsi bibi yake alivyomfundisha, akapiga funda, akameza, akafungua mdomo kidogo nione kwamba amemeza kweli. Mke wangu alikuwa amejifunika mdomo kwa upande wa kanga. Tulisubiri kidogo, wote watatu.

"Imeiva, baba."

Nikavuta kizibo, nikamimina kwenye kata. Nilipiga funda dogo kwa sababu si mtu wa pombe kali. Iliniunguza midomo kwanza, nikakunja uso, Ami akasema, "Polepole." Kisha ukaja utamu, ule wa ndizi zilizopikwa sana hadi zikashika chini ya sufuria. Nyuma yake kikaja kimea, kimea kilichoanikwa juani, ningekijua hata nikiwa kipofu. Nikameza. Nikadhani imeisha. Ndipo kwa kuchelewa, huku nyuma kwenye mzizi wa ulimi, kikaja kitu kichachu na kitamu, chenye mti ndani yake, mti uliolowana miaka mingi. Nikawa mtoto, nimepewa mwiko wa mama niurambe kabla haujaoshwa. Kile kitu nilichokitafuta tangu Krismasi kilikuwa hiki.

"Ami," nikasema. "Pipa lake ni la mti gani?"

"Mforosadi, baba." Aliongea haraka, akitazama pembeni kidogo, vilevile alivyokuwa akimwambia bibi yake mambo ambayo yalinihusu mimi. "Kule mapipa karibu yote ni ya mwaloni. Hii nayo ilianza kwenye mwaloni, ikawa nzuri, lakini nikiionja naona inaishia hewani. Nikaomba ikamalizie kwenye mforosadi. Walinicheka. Walisema nani anatengeneza pipa la mforosadi? Nikatafuta mti, nikamtafuta fundi. Nilikuwa nataka ule mwiko wa bibi."

"Umeupata," nikasema.

Aliinamisha kichwa, na nikakiona kisogo chake, pale nilipokuwa nikipabonyeza kwa kidole. Nilikigusa kioo cha simu kwa kidole hichohicho bila kujua ninafanya nini.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilimwambia mama akwambie."

Nikamgeukia mke wangu. "Alinisomea jina la mti kwa Kizungu," alisema, macho yamejaa maji. "Na wewe nilipotaka kukwambia ulisema chupa haifunguliwi, basi."

Ni kweli nilisema. Nikaijaza kata tena, nikasimama.

"Usikate," nikamwambia Ami.

"Sikati, baba."

Tukatoka. Umande ulikuwa mwingi, majani ya migomba yanadondosha maji shingoni, na mlima ulikuwa umefunguka juu kabisa, mweupe. Mke wangu alitangulia akiondoa majani makavu ya mgomba njiani. Mkono mmoja nimeshika kata, mwingine nimeshika simu, nimeigeuzia mbele ili Ami aone njia. "Hapo ndipo palipokuwa na jiko," alisema. "Mforosadi bado upo!" alisema. Nikamwambia upo, na mwaka huu umezaa sana, na watoto wa jirani wanaiba matunda yake mchana kweupe.

Kaburi lilikuwa linasubiri jiwe lake, lililoegemezwa pembeni, limefunikwa gunia. Nikaielekeza simu pale. Sikuiinua juu wala sikutafuta mtandao. Niliishika tu, usawa wa kifua, karibu.

"Bibi, shikamoo," Ami alisema. Sauti yake ilitetemeka, akaisimamisha. "Mwenye pombe ameonja. Imeiva."

Nikaiinamisha kata. Pombe ilishuka kwenye udongo ikiwa na rangi ya chai, udongo ukainywa bila kubakiza, na harufu ya mforosadi ikapanda ikatufikia. Nilimimina polepole sana, tone kwa tone mwishoni, ili asikose kitu. Na safari hii mwanangu aliona mpaka mwisho.